Inside Deep Throat na nafasi ya ushahidi wa Linda Boreman

Ninapofundisha uhariri wa filamu za hali halisi, hurejea mara nyingi kwenye Inside Deep Throat ya Fenton Bailey na Randy Barbato, iliyotoka mwaka 2005, kwa sababu inaonyesha waziwazi jinsi mpangilio wa ushahidi unavyoweza kuamua mtazamaji atamhurumia nani.

Inasimulia habari za Deep Throat, filamu ya ngono ambayo Gerard Damiano aliipiga Florida kwa siku chache na kwa takriban dola 25,000, fedha za familia ya Peraino iliyohusishwa na genge la mafia la Colombo. Kabla yake, filamu za aina hiyo zilitazamwa kwa kificho katika kumbi chakavu. Hii, ilipoanza kuonyeshwa New York mwezi Juni 1972, ilivuta foleni za wanandoa, waandishi na watu mashuhuri. Jina lake lilifika hata katika chumba cha habari cha Washington Post, ambako mhariri Howard Simons alimbandika nalo mtoa habari wa siri wa Watergate, kashfa iliyomwondoa Rais Nixon madarakani.

Sehemu iliyo bora kabisa ni ile ya sheria. Mwezi Machi 1973 Jaji Joel Tyler wa New York aliitangaza filamu hiyo kuwa chafu kisheria, na mwezi Juni, katika kesi ya Miller dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu uchafu upimwe kwa viwango vya jamii ya mahali husika. Mashtaka ya shirikisho yakafunguliwa Memphis, mji wa kihafidhina, na mwaka 1976 Harry Reems, mmoja wa waigizaji wa Deep Throat, ambaye hakuwa na kauli yoyote katika usambazaji, akatiwa hatiani kwa kula njama. Hatia hiyo ilitenguliwa mwaka uliofuata, wakili Alan Dershowitz akiwa ndiye aliyesimamia rufaa, lakini hatari ilikuwa imeonekana: msanii angeweza kufungwa kwa sababu ya kuigiza tu.

Kuhusu fedha, filamu ya Bailey na Barbato inalikubali kwa wepesi mno dai kwamba Deep Throat iliingiza mapato ya dola milioni 600. Kwa tiketi ya dola 5, kiasi hicho ni watazamaji milioni 120, zaidi ya nusu ya Wamarekani wote wa wakati ule. Hata tukiongeza mauzo ya kanda za video, hesabu hiyo inahitaji ushahidi ambao hatupewi.

Kinachonisumbua zaidi ni Linda Boreman, mwigizaji mkuu wa Deep Throat, aliyejulikana kwa jina la Linda Lovelace. Alifariki mwezi Aprili 2002 kutokana na majeraha ya ajali ya gari, hivyo wakati Damiano na Reems wanaieleza kazi yao wakiwa watu wazima wenye nafasi ya kujitetea, yeye anabaki katika picha za kumbukumbu, akijibu maswali ya watu wengine. Katika kitabu chake cha mwaka 1980, Ordeal, alieleza kwamba mumewe, Chuck Traynor, alimpiga na kumlazimisha kwa vitisho vya bunduki, na mwaka 1986 alitoa ushahidi mbele ya tume ya serikali iliyochunguza ponografia. Traynor alikanusha kumlazimisha. Hata hivyo, michubuko kwenye miguu ya Linda inaonekana katika Deep Throat yenyewe.

Bailey na Barbato wanaiweka habari hii pale umma ulipoisikia, karibu na mapambano ya wanaharakati wa haki za wanawake, na hivyo inageuka kuwa upande mmoja wa mjadala kuhusu udhibiti, baada ya mtazamaji kukaa muda mrefu akifurahia masimulizi ya wapiga picha. Lakini mambo anayoyaeleza yalitokea wakati wa upigaji picha. Kama ningekuwa mhariri, ningeuweka ushahidi wake palepale Florida, pamoja na kukanusha kwa Traynor, ili kila anayetazama foleni za New York awe tayari anajua kile ambacho mwanamke yule alisema kilikuwa kikimpata.