Mpango wa kanda wa mashine za mionzi: maana yake na hesabu yake

Mpango wa kanda wa tiba ya mionzi ni hesabu inayoamua mikoa kadhaa kwa pamoja inahitaji mashine ngapi za kutibu saratani, zikae wapi na nani ataziendesha. Wengi huanza na bei ya mashine. Pa kuanzia ni mionzi yenyewe: mgonjwa akisema "nimeandikiwa mionzi 25", yaani atapigwa mionzi mara 25, hiyo 25 ndiyo kipimo cha mpango.

Chukua kanda ya mfano yenye wagonjwa wapya 4,000 kwa mwaka. Takriban nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji mionzi wakati fulani, basi 2,000. Ongeza robo kwa watakaorudi kupigwa tena: matibabu 2,500. Mashine ikihudumia watu 4 kwa saa, saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inatoa mionzi 8,000. Toa sehemu ya kumi kwa matengenezo na ukaguzi, inabaki 7,200. Ikiwa kila matibabu yanakula wastani wa mionzi 18, mashine moja inabeba matibabu 400, na kanda inataka mashine 7. Wastani ukishuka hadi 15, zinatosha 6. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti siku hizi hupewa mionzi 15 badala ya 25, na maumivu ya mifupa mara nyingi hutulizwa kwa dozi moja. Kwa hiyo mwongozo wa madaktari unaweza kuokoa bei ya mashine nzima.

Kugawa ndiko kwenye mvutano, maana kila mji unataka yake. Mashine iliyo peke yake ikifa, wagonjwa wote wanasimama. Uganda iliyaona hayo mwaka 2016 mashine yake pekee ya kobalti (inayotumia chanzo cha madini yanayotoa mionzi yenyewe) ilipoharibika. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, mionzi ya nje na ya ndani (chanzo kinapowekwa ndani ya mwili) inatakiwa iishe ndani ya wiki 8, na kila siku inayopotea inapunguza nafasi ya kupona. Afadhali mashine mbili za aina moja, zilizolinganishwa mionzi yake, mgonjwa ahamie ya pili bila kupangiwa tiba upya. Ila umbali nao unaua tiba: anayetoka Mbeya kutibiwa Dar es Salaam hawezi kwenda na kurudi kila siku kwa wiki 5, hivyo malazi ya wagonjwa yaingie kwenye bajeti ileile.

Kobalti huvumilia umeme wa kukatikakatika kuliko LINAC, mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme, lakini chanzo chake hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na robo. Dakika 3 za mionzi zinakuwa 6, foleni inarefuka, na chanzo kipya ni ununuzi mwingine.

Vinavyosahaulika zaidi ni mashine ya mionzi ya ndani, CT (kipimo cha picha za ndani ya mwili) ya kupangia tiba, mtambo wa kupoza maji, na watu. Mtaalamu wa fizikia tiba haandaliwi kwa miezi sita. Apelekwe masomoni kabla msingi wa bunka, chumba cha zege nene kinachozuia mionzi kutoka nje, haujachimbwa. Halafu soma mkataba unaposema dhamana inaanza lini. Ikianza siku mzigo unapofika bandarini huku zege la bunka halijakauka, mwaka wa matengenezo ya bure utaishia ndani ya makasha. Dai ianze siku mashine inapopokelewa baada ya vipimo.