Mouton Rothschild na orodha ya mwaka 1855

Husemwa mara nyingi kwamba mwaka 1855 Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa, aliwaita wataalamu, wakaonja mvinyo mwekundu wa Bordeaux na kuupanga kwa ubora, na tangu hapo orodha hiyo haijaguswa. Hadithi tamu, lakini haikuwa hivyo.

Ni kweli Napoleon alitaka orodha kwa ajili ya Maonesho ya Paris. Ila waliopewa kazi ni madalali wa mvinyo mjini Bordeaux, watu wa biashara, nao hawakuitisha mashindano ya kuonja. Walifungua hesabu zao wakatazama bei za miaka mingi: uliouzwa ghali zaidi ukakaa juu. Tarehe 18 Aprili 1855 majibu yao yalikuwa tayari, takriban wiki mbili tu baada ya kuombwa.

Kati ya madaraja matano, la kwanza lilipata mashamba manne: Lafite, Margaux, Latour na Haut-Brion. Mouton, shamba la Pauillac huko Bordeaux ambalo Nathaniel de Rothschild alikuwa amelinunua mwaka 1853, liliwekwa daraja la pili. Wengine huona hapo fitina; mimi naona bei tu.

Na kuhusu kutoguswa: Philippe de Rothschild, aliyeshika usimamizi wa Mouton mwaka 1922, alipigania kwa miongo kadhaa shamba hilo lipandishwe daraja. Mwaka 1973 waziri wa kilimo, Jacques Chirac, alitia saini, Mouton likaingia daraja la kwanza. Kabla ya hapo shamba jingine, Cantemerle, nalo lilikwisha kuongezwa, mwishoni kabisa mwa daraja la tano.