Longstreet hakupewa amri ya alfajiri, jamani tuachane na hii hadithi

Mi nafundisha tuisheni ya historia ya Marekani kwa watoto wa Wabongo na Wakenya hapa Maryland, na kila kiangazi tunakodi van tunaenda Gettysburg, Pennsylvania, walipopigana Kaskazini (serikali ya Marekani) na Kusini (Konfederesi, majimbo yaliyojitenga) kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, si mbali, ni kama saa moja na nusu tu barabarani. Na kila mwaka, humo humo ndani ya van, lazima atokee mtu, mara nyingi mzazi aliyekesha na video usiku wake, aseme: "Mwalimu, si ndo huyu Longstreet aliyemponza Lee? Kaambiwa ashambulie jua likichomoza, yeye kagoma, kaja kushambulia jioni." Jumamosi iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa baba mmoja mstaarabu kabisa, nikamjibu kwa adabu ila moyoni nilikuwa nachemka. Kwa hiyo nimekaa nimeiandika yote, siku nyingine nikiulizwa nitagawa hii tu.

Dhana yenyewe inakwenda hivi. Julai 2, 1863, siku ya pili ya vita vya Gettysburg, Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la Kusini, alimwamuru James Longstreet, mmoja wa majenerali wake, apige upande wa kushoto wa jeshi la Kaskazini alfajiri, Longstreet akanuna akachelewesha makusudi mpaka saa 10 jioni, maadui wakapata muda wa kujazana, na Kusini ikapoteza vita nzima kwa sababu ya mtu mmoja mwenye kisirani.

Uongo. Hakukuwa na amri ya alfajiri.

Mi nina tabia moja, wanafunzi wangu wananicheka nayo: ukiniletea habari yoyote ya historia nakuuliza kwanza tarehe. Nani kasema, kasema lini, na anayesemewa alikuwa bado hai? Sasa weka tarehe mezani. Vita ni Julai 1863. Lee amekufa Oktoba 1870. Jubal Early, jenerali mwingine wa Lee, anasimama Lexington, Virginia, kwenye chuo alichokuwa anakiongoza Lee, Januari 1872, siku ya kuzaliwa ya Lee, ndo anaanza kusema kwamba Lee alitaka kupiga mapema na Longstreet akamwangusha. Mwaka uliofuata, Januari 1873, William Pendleton, aliyekuwa mkuu wa mizinga wa Lee na mchungaji juu yake, akaongeza chumvi: Lee alimwambia yeye mwenyewe kwamba amri ilikuwa kushambulia jua likichomoza. Yaani miaka tisa na nusu imepita, Lee yuko kaburini hawezi kusema ndiyo wala hapana, halafu ndo amri inazaliwa! Lee alipokuwa hai aliandika ripoti zake za vita ile, hamna humo. Baada ya kushindwa, kuna ofisa Mwingereza aliyekuwa pale anaangalia, Fremantle, alimsikia akiwaambia askari waliokuwa wanarudi wamechanika kwamba haya yote ni makosa yangu mimi. Agosti mwaka huo huo akamwandikia Jefferson Davis, rais wa Kusini, kuomba kujiuzulu. Mtu aliyeangushwa na msaidizi wake hafanyi hivyo.

Longstreet mwenyewe alipochoka kutukanwa, 1875, akawaandikia waliokuwa maofisa wa ofisi ya Lee, watu waliokaa naye usiku na mchana na amri zikipita mikononi mwao: Taylor, Marshall, Venable na Long. Wote wanne wakajibu kwamba hawana habari na amri kama hiyo. Na hawa hawakuwa marafiki zake wa kumbeba, walikuwa watu wa Lee damu damu. Mi huwa nashangaa sana mtu anaposoma hilo halafu bado anashikilia ya Pendleton.

Haya tuache barua, twende uwanjani. Alfajiri ile, kama saa 10 hivi (nasema saa 10 ya kwetu, maana watoto waliozaliwa huku nikisema saa kumi ya alfajiri wananiangalia kama nimechanganyikiwa), Lee alimtuma Kapteni Samuel Johnston akapeleleze upande uleule ambao eti Longstreet alitakiwa awe ameshaushambulia. Ebu niambie, unamtuma mpelelezi aende saa ileile askari wako wanatakiwa wawe wanapigana? Johnston karudi kwenye saa 1 asubuhi, akasema upande ule hauna kitu, taarifa ambayo mpaka leo wanahistoria wanaikunia kichwa. Lee akaenda kwanza kuongea na Jenerali Ewell wa upande wa pili wa jeshi lake, akarudi, na amri ya Longstreet kusogea ikatoka kwenye saa 5 asubuhi. Longstreet akaomba asubiri brigedi ya Law ambayo ilikuwa inatembea kwa miguu tangu usiku, zaidi ya maili 20 kwenye joto la Julai, na Lee akakubali. AKAKUBALI. Law kafika karibu saa 6 mchana. Divisheni ya Pickett ndo kabisa, asubuhi ile ilikuwa bado iko njiani inatokea Chambersburg ilikokuwa inalinda nyuma. Kwa hiyo hata angetaka kupiga alfajiri angepiga na nani?

Kisha wakaanza kusogea, anayewaongoza njia ni huyohuyo Kapteni Johnston, wakapanda kilima karibu na Black Horse Tavern wakakuta kwamba wakivuka pale wanaonekana wazi na askari wa Kaskazini wa kupeleka ishara kwa bendera waliokuwa juu ya kilima cha Little Round Top, ikabidi msafara mzima ugeuke urudi ukazunguke kwingine. Hapo mchana wote ukaisha. Kufika wanakuta Sickles wa Kaskazini kasogeza kikosi chake mbele bila ruhusa ya mkubwa wake, kwa hiyo mpango aliouchora Lee asubuhi haulingani tena na kilichopo. Hood, kamanda wa divisheni mojawapo, akaomba tena na tena aruhusiwe kuzunguka kilima apige kutokea nyuma. Longstreet akamkatalia, amri ya Jenerali Lee ni tupande na barabara ya Emmitsburg. Kama kuna kosa la Longstreet siku ile mi naliona hapo: alitii mno. Huyo ndo mtu mnayemwita mgomvi wa amri.

Simtetei kwa kila kitu, msinielewe vibaya. Alinuna kweli. Alikuwa na mpango wake mwingine, jeshi lizunguke kulia likae kati ya adui na Washington, likae kwenye kilima kizuri lijilinde, maadui ndo waje, na Lee alipokataa ikaonekana usoni kwake. Hata Moxley Sorrel, msaidizi wake aliyempenda, aliandika baadaye kwamba siku ile bosi wake hakuwa na ule moto wake wa kawaida. McLaws, kamanda wa divisheni nyingine chini yake, aliandika kwa mkewe siku chache baada ya vita akimlalamikia vibaya sana. Na uzeeni Longstreet alijiharibia mwenyewe, akaandika makala na kitabu akimkosoa Lee na kujisifu kama vile yeye ndo mwenye akili pekee jeshini, maadui zake wakapata cha kushika. Lakini kununa ni kitu kimoja, na kukaidi amri ambayo haikuwepo ni kingine.

Mnauliza kwa nini sasa wamzushie yeye? Hapa ndo utamu ulipo na video nyingi zinapita juu juu. Baada ya vita Longstreet alikwenda New Orleans kufanya biashara ya pamba na bima. 1867 akaandika barua kwenye magazeti kwamba tumeshindwa, tukubali, tufuate sheria za Bunge la Marekani zikiwemo za haki ya Weusi kupiga kura. Ami yake, ndugu wa baba yake aliyemlea, alishamwonya kwamba ukiichapisha hii itakumaliza, na ikammaliza kweli, wateja wakamkimbia. Halafu akamuunga mkono Ulysses Grant, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Kaskazini, kwenye urais, rafiki yake tangu chuo cha kijeshi cha West Point na shemeji, maana mke wa Grant, Julia Dent, alikuwa ndugu wa Longstreet wa mbali. Machi 1869 Grant akampa kazi ya forodha bandarini. Akawa Republican, na hapa nawakumbusha kila mara, Republican ya wakati ule ndo chama cha Lincoln, msiisome kwa siasa za leo mtapotea.

Kibaya zaidi machoni mwa wenzake wa zamani ni Septemba 14, 1874. White League, genge la wazungu wenye silaha, wengi wao maveterani wa Kusini, walitaka kuipindua serikali ya jimbo la Louisiana. Aliyesimama upande wa serikali akiongoza polisi na wanamgambo, wengi wao Weusi, alikuwa Longstreet. Alishindwa, akapigwa na risasi iliyokuwa imeishiwa nguvu, akakamatwa na watu ambao wengine wao aliwahi kuwaongoza vitani, na ikabidi Grant atume jeshi ndo serikali irudi. Fikiria hiyo picha.

Sasa Early na wenzake walikuwa na kazi moja, kumfanya Lee awe malaika asiyekosea. Lakini malaika kashindwa Gettysburg, inakuwaje? Lazima apatikane wa kubebeshwa, na aliyeshajitenga na ukoo ndo mwepesi kubebeshwa. Tena Early mwenyewe! Mtu aliyeongoza jeshi la bonde la Shenandoah likasambaratishwa Cedar Creek Oktoba 1864, mabaki yake yakamalizwa Waynesboro Machi 1865, na Lee huyohuyo akamwondoa kwenye ukamanda. Nyani haoni kundule.

Haya, zilizobaki nazipitia haraka maana hazinipandishi presha sana.

"Longstreet alikuwa mzito siku zote." Kaangalie vita vya Manassas ya pili, Agosti 30, 1862, alirusha watu kama 25,000 kwa mpigo, moja ya mashambulizi makubwa ya vita nzima. Vita vya Chickamauga, Septemba 20, 1863, kafika kwa treni kutoka Virginia usiku wa kuamkia, kesho yake mchana kapasua katikati ya jeshi la Kaskazini. Lee alimwita farasi wake mzee wa vita, na farasi wa vita si kobe. Kule Knoxville, Tennessee, ndo alivurunda, hilo nakubali, na akaenda kuwasingizia waliokuwa chini yake, akampeleka McLaws mahakama ya kijeshi.

"Pickett's Charge ilikuwa wazo lake." Kinyume kabisa, shambulio hilo la siku ya tatu alilipinga mbele ya Lee. Watu kama 12,500 walivuka uwanja ule Julai 3, zaidi ya nusu hawakurudi wazima, na ilipofika saa ya kutoa amri Longstreet alishindwa hata kutamka, akatikisa kichwa tu kukubali. Ushauri wangu, na huu siuachi: usiuangalie ule uwanja kutoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Uvuke kwa miguu, Julai, mchana. Nusu ya mabishano yataisha kabla hujafika barabarani.

"Basi alikuwa mtetezi wa Weusi." Polepole. Huyu alijiuzulu jeshi la Marekani 1861 akiwa meja mlipaji mishahara, akaenda kupigania Konfederesi, na Konfederesi ilipigania utumwa. Msiniletee habari za haki za majimbo, kasomeni tangazo la Mississippi la kujitenga, mistari ya mwanzo mwanzo tu wanasema wenyewe. Wakati jeshi la Lee liko Pennsylvania liliwakamata Weusi, wakiwemo waliozaliwa huru, likawaswaga kwenda Kusini, na Julai 1 ofisi ya Longstreet ilimwandikia Pickett aje nao waliokamatwa. Jina la aliyesaini ni la Sorrel ila kikosi ni cha Longstreet. Na hata zile barua za 1867, sehemu ya hoja yake ilikuwa kwamba wazungu wakishirikiana na sheria mpya wataweza kuziongoza kura za Weusi badala ya kuongozwa nazo. Alibadilika, ndiyo, na 1874 alihatarisha roho yake. Vyote viwili ni yeye.

"Aliuawa na watu wake kama Stonewall Jackson." Alipigwa na watu wake, hakufa. Mei 6, 1864, kwenye msitu wa Wilderness, risasi imepita shingoni na begani, si mbali na alipopigwa Jackson, jenerali mwingine wa Lee, mwaka mmoja nyuma. Karudi kazini Oktoba, mkono wa kulia haukuwa tena wa kawaida, na alikuwepo Appomattox Lee akijisalimisha. Kafa Januari 2, 1904, Gainesville, Georgia, akikaribia miaka 83.

Ya mwisho ni ya sanamu. Kwa miaka 135 hapakuwa na sanamu yake Gettysburg, imewekwa 1998, chini ya miti ya Pitzer Woods, haina hata msingi wa kuinyanyua, farasi kasimama chini kabisa usawa wa watu na watoto wanamshika pua. Na hapo ndo atatokea mwingine kwenye kundi, lazima, akiona farasi kanyanyua mguu mmoja: "Mwalimu, mguu mmoja juu maana yake alijeruhiwa hapa, eh?" Hapana baba. Gettysburg hakuchubuka hata kidole.