Chama cha Lincoln kabla ya Lincoln

Ukiuliza nani alianzisha chama cha Republican cha Marekani, wengi watakujibu papo hapo: Abraham Lincoln. Sivyo. Machi 1854 wapinzani wa utumwa walikutana katika shule ndogo huko Ripon, Wisconsin. Julai wakajaa mjini Jackson, Michigan, hata ukumbi usiwatoshe, wakahamia chini ya mialoni. Lincoln alikuwa bado mtu wa chama cha Whig. Alijiunga na Republican mwaka 1856. Kilichowakasirisha watu ni sheria ya Kansas na Nebraska, iliyofuta mpaka wa mwaka 1820 uliouzuia utumwa usienee kaskazini mwa latitudo ya 36°30' katika ardhi ya magharibi iliyonunuliwa kwa Wafaransa.

Wengine hudhani chama kilizuka mwaka 1854 bila mtangulizi. Watangulizi walikuwapo, na kisa chao ni kichungu. Mwaka 1840 Liberty Party, chama cha wapinga utumwa, ilimsimamisha kugombea urais James Birney, mzaliwa wa Kentucky aliyewahi kumiliki watumwa kisha akawaacha huru. Aliambulia kura kama 7,000 nchi nzima. Mwaka 1844 akagombea tena, na safari hii alimwumiza mtu. New York peke yake alipata zaidi ya kura 15,000, ilhali Henry Clay wa Whig alishindwa jimbo hilo na James Polk wa Democratic kwa kura kama 5,000 tu. Clay angeichukua New York, urais ulikuwa wake. Akaingia Polk, mwenye watumwa na mwenye uchu wa ardhi, na vita na Mexico ikafuata. (Clay naye alikuwa na watumwa, kwa hiyo wafuasi wa Birney hawakuona haja ya kujuta.)

Baada ya hapo hesabu ikabadilika. Mwaka 1848 Free Soil Party ilikutana Buffalo, ikamsimamisha rais wa zamani Martin Van Buren na kupata takriban asilimia 10 ya kura. Haikudai utumwa ukomeshwe kila mahali, ilidai usivuke kuingia ardhi mpya. Republican walirithi msimamo huohuo. Ndiyo maana si kweli kwamba walishika madaraka wakiahidi kuwafungulia watumwa wote: ilani yao ya 1860 ilitamka kwamba kila jimbo lina haki ya kujiamulia mambo yake ya ndani.

Wala tusiwapambe watu wa Kaskazini kwa huruma wasiyokuwa nayo wote. David Wilmot wa Pennsylvania, aliyependekeza bungeni mwaka 1846 kwamba utumwa upigwe marufuku katika ardhi itakayotwaliwa Mexico, alisema waziwazi kwamba anawatetea vibarua weupe. Oregon mwaka 1857 wapiga kura waliukataa utumwa, na siku hiyohiyo, kwa kura nyingi zaidi, wakapiga marufuku Weusi huru kuhamia kwao. Viwanda vya Massachusetts navyo vilifuma pamba iliyochumwa na watumwa. Merikani, kile kitambaa cha pamba, iliyovaliwa Unguja na kubebwa na misafara hadi bara ilitoka katika biashara hiyo.

Imebaki ile dhana kwamba Kusini ililifuta jina la Lincoln kwenye karatasi za kura za 1860. Hapakuwa na karatasi ya serikali ya kulifuta. Kila chama kilichapa karatasi zake na kuzigawa, na katika sehemu kubwa ya Kusini hakuna aliyethubutu kugawa za Republican. Lincoln akashinda kwa karibu asilimia 40 ya kura, bila mjumbe hata mmoja wa kumchagua rais kutoka Kusini iliyojitenga baadaye. South Carolina ilijitoa tarehe 20 Desemba 1860, miezi zaidi ya miwili kabla hajaapishwa. Mabwana wa watumwa walikuwa wameshapiga hesabu: California, Minnesota na Oregon zilikwisha kuingia bila utumwa, na kila jimbo jipya la aina hiyo lilileta maseneta wawili wa upande usio na utumwa.