Dosari ya prosesa, na kwa nini kiraka cha programu hakiiponyi

Prosesa ya kisasa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, haingoji. Ikifika kwenye sharti ambalo jibu lake bado linasubiriwa kutoka kwenye kumbukumbu, hubashiri jibu na kusonga mbele. Ikipatia, imeokoa muda. Ikikosea, hutupa hesabu zile na kurudi ilipoachia. Ubashiri huu ndio uliozaa Spectre na Meltdown, dosari zilizotangazwa Januari 2018.

Dosari iko hapa: hesabu hutupwa, lakini alama hubaki kwenye kache, ile kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani ya prosesa.

Tuseme mshambuliaji anatafuta herufi moja ya nywila yako. Anaandaa visanduku 256 kwenye kumbukumbu, kimoja kwa kila thamani ya baiti (kipande cha data kinachotosha herufi moja), na kuhakikisha hakuna hata kimoja kilichomo kwenye kache. Kisha anaihadaa prosesa ibashiri vibaya, isome herufi iliyokatazwa na kugusa kisanduku chenye namba yake. Herufi ni M, namba yake 77. Prosesa inagundua kosa na kufuta, ila kisanduku cha 77 kimeshaingia kwenye kache. Mshambuliaji anapima muda wa kusoma kila kisanduku: 255 vinakawia, kimoja kinajibu papo hapo. Herufi ameshaipata, wala hakuna kufuli lililovunjwa.

Kiraka, yaani sasisho la programu la kurekebisha dosari, hakiwezi kuchonga upya silikoni ya prosesa. Kwa Meltdown, mifumo endeshi, kama Windows na Linux, iliondoa kumbukumbu za kiini chake (sehemu inayotawala mashine nzima) kwenye ramani ya kumbukumbu ambayo programu za kawaida hutumia, ili ubashiri usikute siri ya kusoma. Gharama yake ni kasi: kila programu inapoomba huduma ya mfumo, ramani hubadilishwa, na seva zenye maombi mengi ziliumia zaidi. Spectre ni ngumu kuliko hiyo, kwa kuwa inavizia ubashiri wenyewe, na kuuzima kabisa ni kuirudisha prosesa nyuma miaka mingi. Vivinjari vililazimika hata kupunguza usahihi wa saa zake, ili upimaji ule uwe mgumu.

Kwa hiyo mimi siliiti hili tiba. Ni kuziba njia moja moja, na njia nyingine zikaonekana: Foreshadow mwaka uleule, ZombieLoad 2019, Downfall 2023. Hata hivyo, weka masasisho. Linux inaruhusu kuzima kinga hizi ili kurudisha kasi, na wapo wanaofanya hivyo. Kwa mashine inayofungua kurasa za wavuti, ambazo ni msimbo wa watu usiowajua, nakusihi usizime.