Uliza kwanza nani anamdai nani

Kila mwaka wanafunzi wakisomeshwa riwaya ya enzi ya ukoloni huniletea insha ileile. Upande huu mila, upande ule usasa, na kijana kasimama katikati anavutwa mikono. Insha hiyo inapata alama, siikatai, lakini haielezi kwa nini mzazi anayempenda mwanawe amtoe, wala kwa nini mtoto aliyefunguliwa mlango asitoke.

Kazi yangu ni historia ya sheria na mahakama za pwani. Mazoea ya kukaa na majalada yamenifanya nisome riwaya kwa swali la kikarani: nani anamdai nani? Deni lilianzia wapi, na lisipolipika anashikwa nani?

Chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Yusuf ana miaka 12 anapoondoka kwao na tajiri Aziz, akiamini anafuatana na ami yake. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana aliyemtangulia katika duka la tajiri: huyo si ami yako, baba yako anadaiwa, nawe umewekwa rehani.

Wasomaji wengi humlaumu baba, hesabu ikaishia hapo. Rudi kurasa za mwanzo. Baba ana hoteli katika mji wa Kawa, na Kawa ilichangamka kwa sababu Wajerumani waliifanya kituo cha reli waliyokuwa wakiijenga kwenda bara. Reli ikasonga mbele, wateja wakaifuata. Kitabu hakitaji reli gani, lakini anayejua historia atafikiria ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911. Mji ulio mwisho wa reli mwaka huu, mwakani ni kituo cha kupita tu, na aliyekopa akidhani neema itadumu atabaki na deni lake. Basi Yusuf halipii uzembe wa baba peke yake.

Aziz naye si mwisho wa mnyororo. Safari yake kubwa ya bara anaifanya kwa mtaji wa kukopa. Chatu, mtawala mmoja wa huko bara, anampokonya mali, halafu anatokea Mjerumani na kuamuru irudishwe. Tangu hapo kila mtu msafarani anajua amri iko kwa nani.

Hapa tarehe zinasaidia. Zanzibar, hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria 1897, lakini masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Mwanamke aliyekuwa ndani ya nyumba ya bwana wake alihesabiwa kuwa jambo la familia. Bara, kwa Wajerumani, utumwa haukupigwa marufuku moja kwa moja. Amri ya 1904 ilisema watoto watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru; waliokwisha kuwa watumwa waliweza kukombolewa kwa fedha na kupewa hati ya uhuru. Marufuku kamili ilikuja na Waingereza, 1922. Serikali zilizojisifu kwa ukombozi zilikuwa na subira ya ajabu zilipofika mlangoni kwa tajiri.

Ukishayajua hayo, Mzee Hamdani, mtumwa anayetunza bustani ya Aziz, anakuwa mtu mwingine kabisa. Bibi mwenye nyumba alimpa uhuru, akaukataa. Ni rahisi kumwona mzee aliyezoea minyororo. Lakini msikilize: anauliza nani aliyemwambia bibi kwamba uhuru ni mali yake, hata aweze kuutoa zawadi. Sijasoma jalada linalouliza swali hilo vizuri zaidi.

Khalil pia angeweza kuondoka, maana baba yake amekufa na deni limekwisha. Anabaki kwa ajili ya Amina, dada yake, aliyeolewa na tajiri. Sioni mila wala usasa hapo. Namwona mtu anayejua kwamba yeye akitoka, dada atabaki peke yake.

(Ambaye hajakisoma kitabu aruke aya hii.) Mwishoni Yusuf anakimbilia safu ya askari wa Kijerumani. Wengine husema amejikomboa, wengine amejiuza. Mimi naona Gurnah ametukatili kwa makusudi: jeshi lilikuwa mojawapo ya mahali pachache palipompa kijana asiye na kwao mshahara mzuri kuliko wa mpagazi, bila kumuuliza ni mwana wa nani. Na Vita Kuu i karibu.

Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi ni ya Zanzibar ya baadaye, karibu na uhuru. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mtu mzima aliyempita mbali kwa umri. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, upande wa mji walikokaa Waafrika wengi, nje ya Mji Mkongwe. Kwa miguu si mbali. Lakini Zanzibar ile watu waligawiwa kwa rangi hata viti vya Baraza la Kutunga Sheria, na Mwafrika wa kwanza hakuteuliwa humo hadi 1946. Yasmin anapohamia kwa Mwajuma anawaudhi wakubwa zake, na papo hapo anavuruga daftari la serikali. Heshima ya ukoo na mipaka ya rangi zilikuwa zinashikana mikono.

Kisha anampenda Denge, anayewindwa na polisi wa mkoloni. Denge naye ana anayemdai: harakati za uhuru. Yasmin ametoroka nyumba ambamo wajibu ulitangulia matakwa yake, akaangukia kwa mwanamme ambaye wajibu unamtangulia yeye Yasmin. Ndiyo maana sikubali kukiita kitabu hiki hadithi ya mapenzi na siasa tu.

Lalamiko langu moja, na ni la riwaya nyingi: zinapenda mno kukimbia. Majalada ya makadhi yaliyohifadhiwa Zanzibar yana wanawake waliobaki na kushtaki. Walidai matumizi na mahari, wakaomba fasakhi, yaani kadhi avunje ndoa, wakajikomboa kwa khului, talaka ambayo mke hulipa ili aachwe. Walijadiliana na wajibu kifungu kwa kifungu. Kwa Tanganyika kuna kazi nyingine kabisa: baada ya sheria ya 1926 ya tawala za wenyeji, katika baraza la chifu anayeulizwa mila inasema nini ni mzee wa kiume, na jibu lake linaandikwa kama la tangu zamani. Riwaya ya binti aliyesimama mbele ya baraza kama hilo ningeinunua leo.

Mnaouliza muanze na kipi: Vuta n'kuvute kwanza, ina mwendo. Kisha Peponi, na penseli mkononi, mkipiga mstari kila fedha inapotajwa.