Kitwitwi asiyeoneshwa njia

Wageni huniuliza twende saa ngapi kuwaona ndege wa Mida, nami huwauliza maji yanajaa saa ngapi. Katika hori hii ya karibu na Watamu, pwani ya Kenya, maji ndiyo yanayopanga safari. Yakipwa, ndege husambaa topeni mpaka wanaonekana kama punje za mtama. Yakianza kujaa, hasa siku za bamvua, husukumwa kidogo kidogo hadi karibu na mikoko. Mimi hutangulia kwa saa mbili au tatu kabla maji hayajajaa kabisa, nikakaa kimya na jua mgongoni.

Ninayemsubiri ni kitwitwi mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, Calidris ferruginea kwa jina la kitaalamu. Ana uzito wa gramu 60 hivi, na huzaliana kwenye tundra ya Siberia, nyika ya baridi isiyo na miti, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka hapa. Hawaji wote pamoja. Dume haatamii wala halei, hivyo Julai tayari yuko njiani. Jike hufuata baadaye. Ndiyo maana Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, naona wakubwa tu, vifua vyao vina mabaka ya rangi ya tofali, masalia ya manyoya ya kuzalia, na kijivu kimeanza kuota katikati.

Wadogo huingia Septemba na Oktoba. Watazame mgongoni: kila unyoya una ukingo mweupe, umepangika kama magamba ya samaki, mpya, hauna hata mkwaruzo. Kifua kina rangi ya chai iliyozidi maziwa. Ndege huyo ana miezi mitatu hivi tangu atoke kwenye yai, na wazazi wake waliondoka kabla yake. Hakuna aliyemwonesha njia. Uelekeo amezaliwa nao. Miaka yote hii, nikimpata mmoja kwenye darubini, hesabu yangu ya ndege husimama kwanza.

Kwenye tope hilohilo yupo ndege mwingine, Dromas ardeola, mkubwa, mweupe kwa mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hutaga yai moja tu ndani ya shimo la mchanga, pande za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, na mtoto husafiri na mzazi. Utamwona ameshalingana naye kwa kimo, bado anamfuata nyuma, shingo ameikunja, akililia kaa.

Tafadhali, usiwakurupushe ndege ili upate picha wakiruka. Wamefika wamekonda, na kila wanaporuka hupoteza chakula. Mwaka 2024 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ilimwingiza kitwitwi wetu kwenye ngazi ya walio hatarini kutoweka (Vulnerable).

Wengi wa wale wadogo hawarudi Siberia mwaka wa kwanza. Aprili wakubwa huwa wekundu tena, wakaondoka. Ukija Mida mwezi wa Juni utawakuta wadogo wamebaki, wa kijivu, wakidonoa tope.